Msimfundishe Muuguzi Kunyamaza

Kuna kauli inayozunguka katika wodi na vyuo vyetu vya uuguzi, kuanzia Mombasa hadi Mbeya, na inasemwa kwa kujiamini kiasi kwamba wachache hujisumbua kuipinga: mwanafunzi wa uuguzi afundishwe kwanza kutenda, kufikiri kutakuja baadaye. Atandike kitanda, apime presha, achome sindano, ajaze faili. Maswali ya "kwa nini" na "je, kama sivyo?" yaachiwe madaktari, au yasubiri siku atakapojiunga na shahada. Mkufunzi anayetumia nusu ya kipindi kuwauliza wanafunzi badala ya kuwasomea nukuu huonekana hakujiandaa. Mwanafunzi anayemuuliza sista wa zamu sababu ya mgonjwa huyu kupewa dawa hii huambiwa ana kiherehere. Kisha mwaka ukiisha, walewale waliomnyamazisha hukaa katika kikao cha tathmini, soda mkononi, wakilalamika kwamba wahitimu wa siku hizi hawafikiri.

Sitaki kuwa mpole na kauli hii. Imevaa joho la nidhamu, lakini ndani yake mna uvivu wa walimu na woga wa wakubwa, na anayelipa gharama ni mgonjwa. Hata hivyo watetezi wake si wajinga, na baadhi ya wanayoyasema yana ukweli. Kwa hiyo nitawasikiliza kabla ya kuwajibu.

Husema kwanza kwamba muuguzi ni mtekelezaji: daktari huandika, muuguzi hutenda, na mtekelezaji anayehoji hoji huvuruga kazi. Haya, nendeni zahanati ya kijijini saa nane za usiku. Tabibu ameitwa semina wilayani. Mama ameletwa kwa bodaboda, uchungu umemkaza tangu jana asubuhi, na aliyeko zamu ni muuguzi mmoja mwenye cheti au stashahada na taa ya sola. Amsubirishe au ampe rufaa? Aite gari la wagonjwa sasa, wakati barabara imekatika kwa mvua, au ampime tena baada ya saa mbili? Hapo hakuna daktari wa kuandika chochote. Mtu aliyefundishwa kutii tu amepelekwa mahali ambapo hakuna wa kumtii, na hivyo ndivyo zahanati nyingi za nchi zetu zinavyoendeshwa usiku, tukipenda tusipende.

Hata katika hospitali kubwa, yenye madaktari kila kona, muuguzi ndiye mkono wa mwisho kabla dawa haijaingia mwilini. Insulini iliyoandikwa "10U" kwa mwandiko wa haraka imeshasomwa kuwa 100 mara nyingi kiasi kwamba miongozo ya usalama wa dawa duniani inataka neno "uniti" liandikwe kwa ukamilifu. Kloridi ya potasiamu ikisukumwa kwenye mshipa bila kuchanganywa na maji ya dripu, moyo husimama. Kalamu ikiteleza, kati yake na mshipa wa mgonjwa kuna mtu mmoja. Tunataka mtu huyo awe mfereji wa kupitishia maagizo? Sheria yenyewe haimchukulii hivyo. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya Tanzania ya mwaka 2010 humsajili na kumpa leseni yeye binafsi, na akiitwa mbele ya Baraza la taaluma yake kujieleza huitwa kwa jina lake, si kwa jina la daktari aliyeandika.

Wapo wanaomleta Florence Nightingale kama shahidi wa utiifu. Kila mahafali wahitimu hushika mishumaa na kula kiapo kinachobeba jina lake, ndani yake mkiwa na ahadi ya kumsaidia daktari kwa uaminifu. Kiapo kile hakukiandika yeye. Kiliandikwa mwaka 1893 huko Detroit, Marekani, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, Nightingale akiwa mtu mzima anayeishi London. Nightingale mwenyewe alikuwa mtu wa kuuliza hadi akawachosha majenerali. Alipotoka Scutari, kwenye vita vya Crimea, alishikilia swali moja: askari hawa wamekufa kwa nini? Akahesabu, akachora, akaonyesha kwamba walioangushwa na maradhi yanayozuilika waliwazidi kwa mbali walioangushwa na risasi. Na katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uuguzi, sura ya kumtazama mgonjwa inashughulika sana na namna ya kuuliza. Alikasirishwa na maswali yanayompa mgonjwa jibu mdomoni. Ukimuuliza mgonjwa kama amelala vizuri, hujauliza kitu. Muulize amelala saa ngapi, na ni saa zipi za usiku. Huyo ndiye tunayemwashia mishumaa, halafu tunamkatisha mwanafunzi anayefanya alichofundisha.

Kama kuna anayedhani kunyamaza ni adabu isiyodhuru, asome kisa cha Uingereza cha mwaka 2005, ambacho siku hizi hufundishwa katika vyuo vingi vya afya. Mama kijana aliingia chumba cha upasuaji kwa shughuli ndogo ya njia za pua. Baada ya kupewa dawa ya usingizi njia yake ya hewa ikaziba. Madaktari bingwa watatu wakahangaika kuingiza mpira kooni, wakarudia na kurudia, dakika zikayoyoma. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo, akasema viko tayari. Mwingine alikwenda kuomba kitanda cha wagonjwa mahututi. Aliporudi na kuona nyuso za madaktari, akahisi amevuka mipaka, akakifuta. Mgonjwa hakuzinduka, akafariki siku kumi na tatu baadaye. Mumewe alikuwa rubani, na alitaka kujua ilikuwaje. Baadhi ya wauguzi wale walieleza kwamba walijua kilichotakiwa kufanyika. Hawakujua jinsi ya kulisema. Maarifa walikuwa nayo. Chuo kilikuwa hakijawapa kinywa.

Ulimwengu wa upasuaji ulijifunza, na ulichojifunza kinanipa raha kukitaja kwa sababu sehemu yake ilifanyika kwetu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji. Ukiisoma utaona kwamba sehemu kubwa yake ni maswali yanayosomwa kwa sauti: mgonjwa huyu ni nani, anafanyiwa nini, upande upi, ana mzio wa dawa gani, damu ipo? Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, na moja ilikuwa Ifakara, Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna dawa mpya iliyoletwa wala mashine. Watu waliuliza kwa sauti, wakasubiri jibu, na mara nyingi aliyeshika karatasi na kuuliza alikuwa muuguzi. Lakini mwaka 2018, orodha ile ilipotimiza miaka kumi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa alipasuliwa kichwa kwa makosa, kwa maana kwamba aliyehitaji upasuaji wa ubongo alikuwa mwingine. Waligundua saa kadhaa baada ya kuanza, walipolikosa bonge la damu walilolitafuta. Sina haja ya kurudia nani alisimamishwa kazi. Ninachotaka kusema ni kwamba swali la "wewe ni nani?" ni la kitoto kabisa, na ndiyo maana wakubwa huona haya kuliuliza.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na nusu yake naikubali. Wanasema: mtu hawezi kufikiria asichokijua. Mjaze kwanza maarifa, ndipo umuulize. Ni kweli kwamba huwezi kupima hatari ya insulini kama hujui insulini hufanya nini. Mwalimu anayekuja darasani mikono mitupu, akawaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza "jadilianeni kuhusu kushindwa kwa figo," huyo hafundishi kufikiri. Anapumzika. Tukubaliane hapo.

Lakini wakitoka hapo wanakwenda mbali mno. Wanachukulia kwamba maarifa ya uuguzi ni gunia la nafaka: ukishalijaza na kulifunga, limekwisha. Tazameni yaliyotokea kwenye uchungu wa uzazi. Vizazi vya wakunga wetu vilikariri kwamba uchungu wenyewe huanza njia ikifika sentimita 4 na kwamba hufunguka sentimita moja kila saa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema kasi hiyo haiwahusu wanawake wote na haifai kuwa kipimo cha kumharakisha mtu, likasogeza mwanzo wa uchungu mkali hadi sentimita 5. Mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa kufuatilia uzazi. Aliyekariri sasa ana namba za zamani kichwani. Aliyezoea kuuliza "namba hii imetoka wapi, na mama huyu anaendeleaje?" anabadilika bila kulia.

Na kuna kisa kikubwa kuliko hicho, cha hapa hapa. Kwa miaka mingi ilikuwa kanuni kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika apigwe maji ya dripu kwa wingi na kwa haraka. Vitabu vilisema hivyo, wataalamu wa Ulaya walisema hivyo. Watafiti wakauliza kama ni kweli kwa watoto wetu. Walifuatilia watoto zaidi ya 3,000 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na Kilifi na Teule ya Muheza, na mwaka 2011 jibu likatoka: waliopewa maji ya haraka walikufa kwa zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 48, na wasiopewa kwa asilimia 7 na ushei. Kanuni iliyofuatwa kwa utiifu ilikuwa inaua. Kwa hiyo mkufunzi anayemwambia mwanafunzi "andika, usiulize, hii ni kanuni" anapaswa kujua kwamba anampa kitu chenye tarehe ya kwisha muda, na hamwonyeshi ilipoandikwa.

Hapo watetezi hao hunijibu kwa kucheka: mbona maswali tunauliza! Mitihani yetu imejaa maswali. Daktari akizungukia wagonjwa huwauliza wanafunzi mpaka jasho linawatoka. Hii ndiyo hoja inayonikera kuliko zote, maana inachanganya vitu viwili vilivyo mbali, na hapa lazima nikae kidogo.

Chukua mgonjwa wa kisukari, wodi ya wanaume, saa moja asubuhi. Faili linasema insulini uniti 12 kabla ya kifungua kinywa. Mkufunzi wa kwanza anasimama miguuni pa kitanda, wanafunzi wamemzunguka, anamnyooshea mmoja kidole: "Wewe, taja dalili tano za sukari kushuka." Mwanafunzi anazimwaga: jasho, kutetemeka, njaa, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Vizuri sana. Wanahamia kitanda kingine. Baadaye mwanafunzi yule aliyepata tano kwa tano anarudi na sindano, anamchoma mgonjwa ambaye uji wake umeganda pembeni kwa sababu ametapika usiku kucha. Hakukosea jibu lolote. Hakuna aliyemuuliza swali lililohusu mgonjwa.

Mkufunzi wa pili anafika na wanafunzi wachache. Hasemi kitu kwanza, anawaacha waangalie. Kisha: "Umeona nini hapa?"

"Uji haujaguswa, mwalimu."

"Unafikiri kwa nini?"

"Labda hana njaa."

"Labda. Utajuaje?"

Mwanafunzi anamgeukia mgonjwa, anamwamkia, "Shikamoo baba, mbona hujanywa uji?" Mzee anasema tumbo limemchafuka tangu jana jioni, kila anachomeza kinarudi.

"Sasa," anasema mkufunzi, "agizo ni uniti 12. Unalo la kusema?"

"Nisimchome. Hajala, sukari itashuka."

Hapo wengi wangempigia makofi, wakaondoka. Huyu hapigi. Anauliza: "Sukari yake sasa ni ngapi?" Kimya. "Tuseme ukimpima ukute 4.1?" Mwanafunzi anasema atazuia sindano na kumwita daktari. "Tuseme ukute 24, na anapumua kwa kina na kwa haraka, na anatapika?" Kimya kirefu zaidi. Mwingine nyuma anasema polepole kwamba basi kutapika kwenyewe huenda kumeletwa na sukari, na mtu huyu anahitaji insulini kuliko jana. "Kwa hiyo ile kanuni yenu ya 'hajala, usimchome' imekwenda wapi?" Wanatazamana. Ndipo mkufunzi anamalizia: "Mpime. Halafu nipigie simu kana kwamba mimi ni daktari wa zamu, nimeamshwa usingizini na sina subira. Una nusu dakika. Utaniambia nini, na utaniomba nini?"

Kati ya mikondo hii miwili kuna umbali wa maisha ya mtu. Swali la mkufunzi wa kwanza lilikuwa la kukamata: lina jibu moja, liko kwenye desa, na kusudi lake ni kujua nani hakusoma. Maswali ya wa pili yalimtoa mwanafunzi kwenye alichokiona akaenda kwenye maana yake, kutoka hapo akaenda kwenye asichokijua, kisha kwenye hatua ya kuchukua na mtu wa kuambiwa. Na tazama kwamba lile la 24 ndilo lililofanya kazi nzito. Mwanafunzi alikuwa tayari ametoka kwenye utiifu wa agizo, akaingia kwenye utiifu wa kanuni, ambao ni usingizi uleule kwenye kitanda kingine. Kufundisha kufikiri ni kumtoa humo pia.

Kuna pia suala la kimya. Mary Budd Rowe, mwalimu wa sayansi wa Marekani, katika tafiti alizochapisha miaka ya 1970 aliwarekodi walimu darasani, akakuta kwamba baada ya kuuliza husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kujijibu au kumhamia mwingine. Waliposubiri sekunde tatu na zaidi, majibu yalirefuka, yakaja na sababu, na watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Sekunde tatu! Kaa nyuma ya darasa lolote la uuguzi uhesabu. Mkufunzi wetu huuliza, hujijibu, huuliza tena "tumeelewa?", nao huitikia "ndiyoo" kwa pamoja kama kwaya.

Najua njia hii nayo ina wahuni wake. Yupo mkufunzi aliyehudhuria semina ya siku mbili, akarudi akawa kila analoulizwa analijibu kwa swali. Mwanafunzi anauliza kipimo cha adrenalini, naye anauliza, "Wewe unaonaje?" Huo ni usumbufu. Kipimo cha dawa kina jibu, lisemwe. Na mgonjwa akizimia hakuna mjadala. Watu wafanye walichozoeshwa, maswali yaje jioni, wakiwa wameketi, wote wakiwa na chai. Ninachodai ni kwamba jioni hiyo iwepo.

Tukija kwenye muda, hapa nitakwenda haraka. Wananiambia wanafunzi ni wengi, wakufunzi wachache, mtaala mnene. Yote kweli. Lakini saa zinazoliwa na kusoma nukuu kwa sauti, ambazo darasa zima linazo tayari kwenye simu, ni nyingi kuliko saa ninazoomba. Mipango ya huduma ya uuguzi inayonakiliwa kutoka kwa darasa lililotangulia, mgonjwa wa nimonia akipewa mpango wa mgonjwa wa nimonia wa mwaka jana mpaka na umri wake, nayo hula muda wa kuandika na wa kusahihisha. Mgonjwa mmoja, dakika kumi, wakati wa kukabidhiana zamu, maswali manne ya maana: hicho hakihitaji bajeti. Partogramu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, ndiyo ushahidi wangu wa namna tunavyopoteza tulichonacho. Watafiti Philpott na Castle waliiwekea mistari yake ya tahadhari na ya hatua huko Harare, wakati huo Salisbury, matokeo yakachapishwa mwaka 1972, kwa ajili ya wakunga walioko mbali na daktari, ili mstari ukivukwa mkunga ajiulize: afanye nini, na ampeleke wapi? Sisi tumeigeuza somo la kuchora alama za X na miduara, na kila aliyefanya kazi wodi ya wazazi anajua ni ngapi hujazwa mtoto akiwa ameshazaliwa. Funika kombe, mwanaharamu apite.

Wengine huniambia, hakuna haja ya haya yote, uzoefu utawafundisha. Uzoefu wa kitu gani? Kwa miaka wakunga wenye mikono ya dhahabu wamekuwa wakikadiria damu ya mama baada ya kujifungua kwa macho, na macho hudanganya, hasa damu ikiwa nyingi. Utafiti uliofanyika katika hospitali karibu 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukachapishwa mwaka 2023, uliwapa wakunga karatasi ya plastiki yenye alama za vipimo ya kukingia damu, pamoja na utaratibu wa kutoa matibabu yote kwa mkupuo. Matukio ya kutokwa damu kupita kiasi na madhara yake makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Wenye uzoefu hawakuwa wabaya, ila hakuna aliyekuwa amewauliza "umejuaje kuwa ni mililita 400?"

Imebaki hoja wanayoishika kwa nguvu zaidi wakishaishiwa: utamaduni. Mtoto wa Kiafrika hamhoji mkubwa. Maswali ni mambo ya Wagiriki na Wazungu. Kuhusu Wagiriki, niwakumbushe kwamba Plato anamwonyesha Socrates akisema ufundi wake wa kuuliza unafanana na kazi ya mama yake, na mama yake alikuwa mkunga. Kwa hiyo hata kama ni wa kuazima, umeazimwa wodi ya wazazi. Lakini si wa kuazima. Nani kati yetu hakukua na "Kitendawili!" na "Tega!", na aliyeshindwa akatoa mji ndipo ajibiwe? Makungwi waliwafunda wari kwa mafumbo ambayo mwali hulazimika kuyafumbua mwenyewe. Hata Elimu ya Kujitegemea ya Nyerere ya mwaka 1967 ilidai shule ijenge akili yenye kudadisi. Anayesema wazee wetu walifundisha kwa kunyamazisha anawasingizia wazee. Alichorithi yeye ni shule ya kikoloni na kambi ya jeshi.

Heshima ipo, na nisingetaka iondoke. Ndiyo maana namna ya kumuuliza mkubwa inapaswa kufundishwa kama inavyofundishwa namna ya kufunga kidonda. "Samahani dokta, naomba nielekezwe: mgonjwa wa kitanda cha nne hajala tangu jana na sukari yake ni 4.1. Bado nimpe insulini?" Hakuna utovu wa adabu hapo. Mna habari, mna namba, mna ombi, na daktari mwenye akili atashukuru. Asiyeshukuru, mwanafunzi afundishwe sentensi ya pili, iliyo ngumu zaidi: "Dokta, mimi nina wasiwasi na mgonjwa huyu, naomba uje umwone." Na ya tatu, ya kwenda kwa muuguzi msimamizi. Hizi zifanyiwe mazoezi kwa sauti, darasani, mpaka zizoeleke mdomoni. Wale wauguzi wa mwaka 2005 walikosa sentensi moja tu ya aina hii.

Wakufunzi wenzangu mtaniambia kwamba yote haya ni mazuri ila mwanafunzi husoma kile kinachotahiniwa. Hapo tuko pamoja, kwa hiyo ombi langu ni kwenu mnaotunga mitihani ya vitendo, ile ya kupita kituo kwa kituo. Mwaka huu wekeni kituo kimoja ambacho faili lina agizo lisilo sahihi: dozi iliyozidi mara kumi, au dawa ambayo kitambulisho cha mgonjwa kinasema ana mzio nayo. Mtahini avae koti la daktari, aseme kwa ukali kidogo, "Choma haraka, tuna kazi." Mwanafunzi atakayechoma, hata kama mikono yake ni misafi na mbinu yake haina dosari, apate sifuri na arudie. Atakayeweka sindano chini, akauliza kwa adabu, akaulizwa "wewe nani?" na bado asichome, apewe alama zote.